Waifai ya Chumba cha Nyuma Imegoma? Anza na Waya

Nyumba zetu hazikujengwa kwa kuingojea waifai. Mji Mkongwe wa Zanzibar ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, mnene hata mtu anaweza kukaa dirishani akajinyoosha. Rauta ikiwa ukumbini, chumba cha tatu unapata mstari mmoja, na mlango ukifungwa nao unapotea. Ng'ambo, upande wa pili wa mji, na mashamba ni matofali ya saruji, lakini huko nyumba hutanuka: kuna banda la uani, kuna vyumba vya vijana, kuna jiko la nje. Ndiyo maana wengi sasa tunavuta waya kutoka kwenye rauta hadi kwenye aksesi pointi, kile kisahani cheupe kinachopigwa darini au ukutani kusambaza waifai mbali na rauta. Waya ukifungwa vizuri, mpango huu unavishinda kwa mbali vile vijisanduku vinavyonasa mawimbi hewani na kuyarusha tena, maana hivyo hugawana hewa ile ile na simu zenu.

Siku mambo yakiharibika, watu hushika pabaya. Wanalaumu kampuni ya intaneti, wanabadilisha neno la siri, wananunua aksesi pointi mpya. Mimi nafunga na kufungua nyaya hizi Unguja na Pemba, na mara nyingi nakuta intaneti nzima, aksesi pointi nzima, mgonjwa ni waya. Na kwenye waya wenyewe, ugonjwa hauko sana katikati. Uko kwenye zile ncha mbili.

Shangazi yangu anakaa Malindi, karibu na bahari. Chumba cha juu alichompa mjukuu wake kusomea kilikuwa na aksesi pointi iliyofanya kazi mchana, ikizima usiku, na mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Alikuwa ameshanunua ya pili, nayo ikafanya vile vile. Nilipofika akaniambia, "Mwanangu, hiki kidude kina jini." Nikamjibu, "Shangazi, niletee tochi kwanza." Nikachomoa kichwa cha waya, nikakitazama kwa karibu. Zile pini nane za dhahabu, sita zilikuwa zinang'aa. Ya nne na ya tano zilikuwa na unga wa kijani, mithili ya ule unaoota kwenye birika la shaba likisahauliwa na maji. Nikakata ncha, nikafunga kichwa kipya, kazi ikaisha. Pesa ya aksesi pointi ya pili ilikuwa imekwenda bure, na hilo bado linaniuma kwa niaba yake. Ndiyo sababu naandika mwongozo huu.

Vitu vya kuwa navyo

Waya mfupi wa mtandao, mita moja au mbili, ambao una hakika ni mzima. Huu ndio chombo chako kikubwa, uweke pembeni na usiuazimishe. Tochi. Kompyuta ndogo yenye tundu la waya. Testa ya taa nane (kipimio cha waya), koleo la kubania vichwa na vichwa vipya vichache. Vyote vinapatikana madukani mjini, Darajani na Mlandege, na Pemba utavipata Chake Chake. Na karatasi ya kuandika ulichojaribu na ulichokiona, maana baada ya nusu saa utakuwa umeshachanganya.

Hatua ya 1: Jua dalili kabla ya kugusa kitu

Kwanza simama na simu karibu na rauta kubwa, ujiunge na waifai ya rauta yenyewe. Kama hapo nako intaneti hakuna, tatizo si la waya wa ndani. Piga simu kwa wanaokuletea huduma.

Kama hapo ni nzuri, nenda chumba kilichogoma, utazame kimoja katika haya manne. Jina la waifai ya kule halionekani kabisa: fikiria umeme. Jina lipo, unajiunga, lakini intaneti haiji: fikiria waya au anwani, yaani ile namba ambayo rauta hukipa kila kifaa. Intaneti ipo lakini inatambaa: fikiria jozi za nyuzi ndani ya waya. Inakuja na kuondoka: fikiria kutu, kichwa kilicholegea, au vifaa viwili vinavyogombea kugawa anwani. Dalili haikupi jibu, inakuambia uanzie hatua ipi.

Hatua ya 2: Umeme

Aksesi pointi nyingi za darini hazina adapta yake. Zinapata umeme kupitia waya ule ule wa mtandao, mpango uitwao PoE, na umeme huo hutiwa na swichi maalumu (kisanduku cha matundu mengi kinachogawa mtandao wa waya) au na kijisanduku kiitwacho injekta. Injekta ina matundu mawili. Moja linakwenda kwenye rauta, jengine, lile lililoandikwa PoE, linakwenda kwenye aksesi pointi. Akija mtu kufagia akachomoa zote mbili, akarudisha kinyume, aksesi pointi inakufa papo hapo. Hilo nimelikuta mara nyingi mno, litazame kabla ya lolote.

Kuna jambo la hatari hapa. PoE si aina moja. Ile ya kiwango rasmi hutumia volti 48 hivi, na kabla ya kumwaga umeme hukiuliza kwanza kifaa kama kinauhitaji. Kuna nyengine isiyouliza, mara nyingi ya volti 24, inayomimina tu. Ukiichomeka hiyo kwenye kompyuta yako unaweza kuunguza tundu lake. Kwa hiyo soma kibandiko cha injekta na cha aksesi pointi, volti zilingane, na usijaribishe kompyuta kwenye tundu la PoE usilolijua.

Umeme ukikatika na kurudi, vifaa huamka vyote kwa pamoja. Rauta huchelewa kuliko aksesi pointi, na kuna zile zinazokata tamaa ya kuisubiri. Basi zima aksesi pointi, ngoja rauta iwake dakika tatu, ndipo uiwashe. Kama hiyo inaitibu kila mara, waya wako hauna kosa, tafuta tu betri ndogo ya kuishikilia rauta.

Hatua ya 3: Zisome taa

Karibu kila tundu la mtandao lina taa ndogo. Taa haiwaki kabisa pande zote mbili: umeme wa ishara haupiti, waya umekatika au kichwa hakikushika. Inawaka na kuzima kila baada ya sekunde chache bila mpangilio: kichwa kimelegea au kina kutu. Inawaka, lakini kwa rangi ya kasi ndogo: soma hatua ya 5 kwa makini. Rangi zinatofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo linganisha na tundu jirani linalofanya kazi.

Ukiwa na kompyuta ni rahisi zaidi. Toa kwanza PoE kwenye waya, injekta ikae pembeni, kisha ichomeke penye mwisho wa waya, ufungue mipangilio ya mtandao, utazame kasi ya kiungo. Mara nyingi utaona 1000, au 100, au 10, yaani megabiti kwa sekunde. Rauta na kompyuta zote zikiwa za 1000 na wewe unaona 100, waya unakuambia kitu.

Hatua ya 4: Mlete mgonjwa kwa daktari

Hii ndiyo hatua ninayoiheshimu kuliko zote, na watu huiruka kwa uvivu wa kupanda ngazi. Ishushe aksesi pointi kutoka darini. Iweke juu ya meza, kando ya rauta. Iunganishe kwa ule waya wako mfupi, pamoja na injekta yake.

Ikifanya kazi hapo, aksesi pointi ni nzima na mipangilio yake ni mizima. Usibonyeze chochote ndani yake. Kosa liko kwenye waya mrefu, nenda hatua ya 5. Isipofanya kazi hata hapo, waya mrefu hauna dhambi. Ruka hadi hatua ya 7.

Kama katikati kuna swichi, fanya vile vile kipande kwa kipande: rauta hadi swichi, swichi hadi chumbani. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha vitu viwili na ikapona, hutajua nini kimeponya, na kesho kutwa utaanza upya.

Hatua ya 5: Vichwa vya waya

Hapa tukae kidogo.

Ndani ya waya mna nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili, jozi nne. Kasi ya 100 inatumia jozi mbili tu: pini ya 1 na 2, na ya 3 na 6. Kasi ya 1000 inazitaka zote nne. Ndiyo maana uzi wa 4, 5, 7 au 8 ukikatika, mtandao haufi. Mara nyingi unashuka hadi 100 na unaendelea kimya kimya, na wenye nyumba wanasema tu kwamba siku hizi ni pole pole. Lakini kama umeme wa PoE unapita kwenye jozi hizo hizo, kama ilivyo kwa injekta nyingi, ndipo aksesi pointi inapoanza kuzima na kuwaka.

Na hicho ndicho kilichotokea Malindi. Hewa ya pwani ina chumvi, chumvi hunyonya unyevu, na umeme wa PoE ukipita penye unyevu unaharakisha kutu, hasa upande wa chanya. Kwenye mpango unaotumia jozi hizo, chanya ni pini ya 4 na 5. Ukikuta kijani hapo, usikwangue kwa kisu. Ile dhahabu ni utando mwembamba mno, ukiukwangua umeumaliza. Kata ncha, rudi nyuma hadi upate shaba nyekundu safi, funga kichwa kipya. Tazama pia ndani ya tundu lenyewe: sisimizi hupenda kujenga humo, na mjusi huacha mayai.

Mpangilio wa rangi tunaoutumia sana ni huu, ukikishika kichwa pini zikikutazama na waya ukielekea chini, kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ufuate hivyo hivyo ncha zote mbili.

Tazama pale katikati: kijani imeachana na mwenziwe, na buluu mbili zimeingia kati. Wapo mafundi wanaoona huo ni usumbufu. Wanazipanga jozi kwa jozi, chungwa mbili, kijani mbili, buluu mbili, kahawia mbili, na kwa sababu wamefanya sawa ncha zote mbili, wanaamini ni sawa tu. Testa ya taa nane nayo inawakubalia: taa zote zinawaka kwa zamu, moja hadi nane. Lakini testa hiyo inauliza tu kama uzi umefika upande wa pili. Haiulizi umesokotwa na nani. Pini ya 3 na 6 ni jozi moja mbele ya rauta, na hapo umezitia nyuzi za jozi mbili tofauti. Msokoto ndio unaozuia kelele za jozi moja zisiingie kwa nyengine. Ukiuvunja, waya wa mita tano utavumilia, wa mita thelathini utapoteza data, utashuka kasi au utakatika ovyo. Kwa hiyo testa ikikubali na mtandao ukikataa, soma rangi kwa macho yako kupitia ule mgongo wa plastiki unaopitisha mwanga. Usimwamini mtu, hata mimi, zisome.

Mambo mengine mawili ya kichwa. Usifungue msokoto zaidi ya sentimita moja hivi. Na ganda la nje la waya lazima liingie ndani ya kichwa, kile kikabari cha plastiki kilibane. Ukiona nyuzi za rangi zimebaki nje, kichwa hicho kitang'oka, hata kama leo kinafanya kazi.

Ukiwa umeshakata ncha, uukwangue uzi mmoja kwa wembe. Ikiwa ni shaba nje na rangi ya fedha ndani, umeuziwa waya wa alumini uliopakwa shaba. Unavunjika ukikunjwa mara chache, unapoteza umeme wa PoE njiani, na hewa yetu inaula haraka. Kwa waya mrefu wenye PoE, nasema wazi: uondoe, uweke wa shaba tupu. Hiyo ni gharama, najua, lakini ni ya mara moja.

Hatua ya 6: Njia waya inakopita

Ufuate kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho, usikisie. Tafuta mahali ulipobanwa na mlango, ulipopigwa msumari, ulipotafunwa na panya juu ya dari kati ya maboriti. Waya wa ndani ukipitishwa nje, jua linaupasua ganda, na masika ya kwanza maji yanaingia. Maji hayakai yalipoingilia: yanatembea ndani ya ganda hadi kwenye kichwa, ndiyo maana unakuta kichwa cha ndani ya nyumba kimelowa na dari halivuji. Nje tumia waya mweusi wa nje, na kabla haujaingia ukutani uache ushuke chini ya tundu la ukuta kisha upande juu, ili maji ya mvua yadondokee pale chini yasifuate waya hadi ndani.

Usiufunge pamoja na nyaya za umeme wa nyumba. Acha nafasi ya shubiri moja au zaidi, na zikikutana zipishane kwa msalaba. Urefu wote usizidi mita 100.

Kwa wakaao Mji Mkongwe: eneo lile limo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na ukuta wa mbele si wa kutoboa utakavyo. Pitia uwani au kwenye bomba la zamani, na kwa tundu jipya la ukuta wa nje ulizia kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mawe ya matumbawe yakipigwa nyundo hovyo hubomoka zaidi ya ulivyokusudia.

Hatua ya 7: Mipangilio

Hapa wanaumia zaidi wanaotumia rauta ya zamani kama aksesi pointi, jambo zuri na la kuokoa pesa. Rauta ile bado inadhani ndiyo mkuu wa nyumba. Inagawa anwani, na rauta kubwa nayo inagawa, kwa hiyo simu moja inapata anwani sahihi na nyengine inapelekwa kusikokuwa na njia. Dalili yake ni kwamba baba anapata, mama hapati, wakiwa wamekaa kitanda kimoja.

Fanya hivi. Iunganishe rauta ya zamani peke yake na kompyuta. Ingia kwenye mipangilio, uipe anwani ya ndani isiyogongana na ya rauta kubwa: kama kubwa ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2, na rauta kubwa isiwe inamgawia mtu namba hiyo. Zima ugawaji wa anwani, DHCP. Kisha waya unaotoka kwenye rauta kubwa uuchomeke katika tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si lile la WAN (la kuingizia intaneti) la rangi ya peke yake. Rauta nyingi za sasa zina chaguo la kuwa aksesi pointi, nalo linakufanyia haya yote. Ukilichagua, fuata tundu linalotajwa katika kitabu chake.

Ukitaka kujua kama anwani zinafika, chomeka kompyuta ya Windows mwisho wa waya usio na PoE, uandike ipconfig kwenye dirisha la amri (Command Prompt). Ukiona namba inayoanza na 169.254, kompyuta imeomba anwani na hakuna aliyeijibu. Taa ya tundu ikiwa inawaka, rudi kwenye vichwa, kisha utazame kama rauta kubwa inagawa.

Hatua ya 8: Mzunguko

Nyumba nzima ikifa ghafla, taa zote za swichi zikipepesa kwa kasi moja kama zimepagawa, tafuta waya mmoja uliochomekwa ncha zote mbili kwenye swichi moja. Huko Wete nilikuta mtoto ameona ncha inaning'inia akairudisha "mahali pake". Data inazunguka bila kutoka mpaka kila kitu kinaziba. Chomoa moja moja hadi taa zitulie. Aksesi pointi zinazoungana zenyewe hewani zinaweza kufanya hivyo hivyo ukizitia na waya bila kuziambia.

Hatua ya 9: Radi

Baada ya mvua ya radi, tundu moja linaweza kufa na menginewe yakabaki mazima. Jaribu tundu jengine la rauta kabla ya kuitupa. Waya unaotoka nyumba moja kwenda nyengine, kwa mfano nyumba kubwa na banda la wageni, ndio unaoalika balaa. Huko weka faiba, waya wa nyuzi za kioo, maana kioo hakipitishi umeme. Ukisikia ngurumo na hujaweka, chomoa mapema, kabla haijafika karibu. Radi ikiwa juu yenu, usiguse waya.

Baada ya kutengeneza

Usiondoke ikiwaka tu. Chomeka kompyuta mwisho wa waya, PoE ikiwa imetolewa, andika kwenye dirisha la amri ping -t na anwani ya rauta, iache usiku kucha ikiiita rauta na kungoja jibu. Asubuhi bonyeza Ctrl na C, itakuhesabia pakiti, yaani vipande vya data, zilizopotea. Ndani ya nyumba, kwenye waya mzima, natarajia sifuri. Ikipotea hata kumi, kuna kichwa bado kinasema uongo, na mimi hurudi kupanda ngazi. Kwa shangazi ilitoka sifuri. Nikaandika tarehe kwenye kipande cha plasta, nikakibandika karibu na kichwa, ili atakayekifungua baada yangu ajue kimedumu muda gani mbele ya bahari ile.